Bibi Akae Wapi, na Nani Ataamka Usiku? Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Kuhusu Kumlea Mzee

Bibi yetu mzaa mama alidondoka uani kwake Muheza, mkoa wa Tanga, mwaka 2021, masika, tope mpaka mlangoni, akalala palepale mpaka jirani alipokuja kuomba moto asubuhi. Toka siku hiyo ukoo mzima tumekuwa wataalamu wa kulea wazee bila kusomea. Sasa kila wiki kuna mtu ananipigia, mara rafiki, mara mtu wa kazini, mara shemeji wa shemeji, "hivi nyie kwa bibi mlifanyaje?" na maswali ni yaleyale, nikaona niyaandike yote hapa yaishe. Mimi sio daktari wala mwanasheria, ni mjukuu tu. Nikisema bibi we weka babu kama kwenu ni babu.

Tutajuaje kama hawezi tena kukaa peke yake?

Kwenye simu hutojua. Bibi ukimuuliza hali atakwambia hajambo, ukimuuliza amekula atakwambia amekula, hata goti limevimba kama embe dodo atakwambia "aah miguu tu hii, uzee". Siku ya Idi pia hutojua, maana siku ya Idi nyumba imejaa watu, kumefagiliwa, kumepikwa, kavishwa kanga mpya, mnapiga picha mnaondoka mnasema bibi bado yuko vizuri. Nenda siku ya kawaida, lala siku tatu, na siku ya kwanza usimsaidie kitu, angalia tu.

Sisi tulikuta sufuria mbili zimeungua chini, dawa za presha za miezi miwili ziko kwenye kopo hazijaguswa kwa sababu eti kichwa hakiumi, mchele tunaotuma anawamwagia kuku kwa vile kupika kunamchosha, yeye anakunywa chai na mkate asubuhi, mchana na usiku. Kamba ya nguo ilikuwa imefungwa chumbani, kumbe usiku mkojo unamtoka na anafua kanga gizani ili asijulikane. Hilo ndo liliniuma kuliko yote.

Ila kabla hamjasema akili imepungua, mpelekeni apimwe macho na masikio. Mtoto wa jicho anatolewa kwa operesheni ndogo na mtu anarudi kuona. Mzee asiyekuona vizuri hakusalimii, mzee asiyekusikia anakujibu kitu kingine kabisa, na nyie huku mnaanza kunong'ona kwamba bibi kachanganyikiwa.

Si bora tu tumlete Dar?

Hili ndo swali la kwanza kwa kila mtu na jibu langu huwa linawaudhi watu. Sisi tulimleta. Tulienda na gari ya kukodi tukamchukua Muheza, Segera, Chalinze, mpaka Tabata, na kila mtu akashusha pumzi kwamba sasa bibi yuko salama, yuko mjini, hospitali karibu, umeme upo, TV ipo.

Wiki ya kwanza alikuwa mgeni, wageni wanafurahi. Wiki ya tatu nikagundua bibi anakaa kwenye kochi moja kuanzia tunatoka mpaka tunarudi, na sisi tunatoka saa kumi na moja alfajiri tunarudi saa mbili usiku kwa foleni zile. Geti limefungwa. Hakuna anayepita kusema hodi. Kwake Muheza mtu anayepita njiani lazima amwamkie, shikamoo ishirini kwa siku, anaulizwa ng'ombe wa fulani wamefika kwa nani, anaamua ugomvi wa watoto, ni mtu. Tabata akawa mzigo uliowekwa vizuri kwenye kochi. Choo kina kizingiti, akaogopa kwenda, akaanza kupunguza maji ili asikojoe, na mzee asiyekunywa maji ni suala la siku chache tu ushampeleka hospitali. Mwezi wa nne toka aje akasema "nirudisheni nikafie kwetu". Tukadhani ni kudeka, kumbe alikuwa anatuambia jambo la akili kuliko yote tuliyokuwa tumepanga.

Sisemi usimlete. Kama anahudhuria kliniki mfululizo, au kule kijijini kweli hakuna mtu, au nyumba yenu mjini ina mtu mchana kutwa na ina uwanja wa kukaa akaona watu, mleteni. Ila msianze na swali la akae wapi. Anzeni na swali la nani ataamka saa nane usiku bibi akitaka kwenda msalani. Andikeni usiku saba wa wiki kwenye karatasi, kila usiku weka jina. Pakibaki usiku mmoja hauna jina basi bado hamjapanga kitu, hata kama mna hela ya kununua nyumba. Mchana kila mtu anapatikana, hata mpita njia atampa maji. Usiku ndo mzee anapodondokea.

Nani ana haki ya kuamua? Mimi ni mjukuu, nikisema naonekana kiherehere

Wa kwanza ni bibi mwenyewe. Nimehudhuria kikao cha masaa matatu, wajomba, mama wakubwa, mama wadogo, tumekunywa chai birika mbili, tunajadili bibi aende wapi, na bibi yuko chumba cha pili anatusikia. Hakuna aliyeenda kumuuliza. Mtu akili yake ikiwa timamu ndo mwenye maisha yake, hata kama uamuzi wake haukupendezi. Muulize vizuri lakini, usimuulize "unataka kukaa kwa nani?" maana hatomtaja mmoja akaudhi wengine. Muulize anaogopa nini, anataka kuamka wapi asubuhi, nani anamuonea haya akimuona hana nguo.

Wa pili ni watoto wake. Hapo mjukuu unakaa pembeni kidogo, ila pembeni sio kimya. Nilichofanya mimi, sikwenda kikaoni na maoni, nilikwenda na daftari. Nimeandika tarehe bibi alizodondoka, dawa anazokunywa na asizokunywa, usiku anaamka mara ngapi. Nikampa mama mkubwa asome yeye, kwa sauti yake. Mjomba aliyekuwa anasema "mama mzima tu, mnakuza mambo" akanyamaza. Ukiwa mdogo usibishane na wakubwa, wape tu kitu cha kusoma.

Na usidharau utani. Mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto hana. Bibi ananiita mume wake, basi namwambia "mke wangu, mimi siwezi kuoa mwanamke anayelala na kanga mbichi, tununue pampasi", anacheka, ananitukana, lakini anakubali. Mama yangu angesema hilohilo ingekuwa msiba.

Kwa nini mzigo wote anaangushiwa yule mmoja, tena wa kike, tena ambaye hana kazi?

Kwa sababu ni rahisi. Kila ukoo una binti mmoja ambaye "hajaolewa bado" au "kaachika" au "hana shughuli", basi kikao kinaisha dakika kumi, si fulani yupo. Kwetu ni binamu yangu. Alikuwa na genge lake la nyanya na vitunguu linamwingizia riziki, tukamwambia aje akae na bibi, genge likafa, na hakuna aliyelihesabu lile genge kama gharama. Tunahesabu pampasi, tunahesabu dawa, genge la mtu hatulihesabu.

Ilichukua mwaka na nusu na ugomvi mmoja mkubwa sana mpaka tukakubaliana. Analipwa kila mwezi, tarehe moja, kabla ya michango mingine yote, na haiitwi zawadi wala ya vocha, inaitwa mshahara. Kila wiki ana angalau siku moja na usiku wake wa kupumzika, mtu mwingine anakuja. Kila baada ya miezi mitatu anaondoka wiki nzima. Na mtu wa Dar haruhusiwi kumpigia simu kumfokea "mbona bibi kakonda" kama hajalala pale usiku hata mmoja mwezi huo. Hiyo sheria ya mwisho aliiweka yeye mwenyewe, na ndo nzuri kuliko zote.

Na watoto wadogo jamani. Ule mtindo wa kumtoa mtoto wa miaka kumi mjini "akakae na bibi amchotee maji" bado upo. Mtoto kumpelekea bibi uji ni malezi mazuri. Mtoto kuamka usiku mara tatu kumnyanyua mtu mzima halafu asubuhi aende shule, hapana.

Tutafute dada wa kazi?

Inawezekana na inasaidia, ila kuna mambo. Dada wa kumlea mzee sio dada wa kupika, kufua, kulima, kuchunga mbuzi halafu na mzee. Chagueni. Mkimpa vyote, atakachoacha ni mzee kwa sababu mbuzi anapiga kelele na mzee hapigi.

Awe mtu mzima, sio binti wa miaka kumi na tano. Mlete akae siku tatu halafu muulizeni bibi faragha, yeye ndo anajua mikono ya huyo mtu ikoje wakati wa kumgeuza. Sisi tulileta mmoja ana cheti na kila kitu, bibi akasema "huyu ananiosha kama sufuria". Akaondoka. Aliyekuja baada yake hakuwa na cheti lakini alikuwa amemuuguza mama yake.

Halafu sheria inamuhusu, watu hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya masaa 24 kila wiki, likizo siku 28 kwa mwaka. Ukipiga hesabu utaona mtu mmoja hawezi kuwa usiku na mchana siku saba, na sio sheria tu, ni mwili. Kwa hiyo hata mkiajiri, ile karatasi ya usiku saba bado mnaihitaji. Andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari, kiasi gani, lini, anafanya nini, akiumwa inakuwaje.

Mimi mjukuu wa kiume naweza kumuogesha bibi?

Kwetu hapana, bibi hataki, na stara yake inaheshimiwa mpaka mwisho. Wapo wanaosema mgonjwa ni mgonjwa, sawa, kama hakuna mwanamke kabisa na bibi karidhia basi kanga inabaki mwilini unaosha chini ya kanga. Ila msitumie stara kama kichaka cha wanaume kujificha. Mimi siogeshi, lakini nachota maji, nachemsha, nafua mashuka ya usiku, namnyanyua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, namlisha, nampeleka kliniki. Kuogesha ni nusu saa, siku ina masaa ishirini na nne.

Makao ya wazee yapo? Si aibu?

Yapo. Ya serikali, Dar kuna Nunge kule Kigamboni, Moshi kuna Njoro, Shinyanga kuna Kolandoto, Zanzibar kuna Sebleni na Welezo. Lakini yameanzishwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza, mtu anapelekwa kupitia ustawi wa jamii baada ya kuthibitishwa kwamba kweli hana mtu. Sio kwamba unaenda na bibi yako na begi unalipia. Yapo na ya mashirika ya dini, na mijini kumeanza huduma za kulipia, manesi wanaokuja nyumbani, bei zake mtazungumza wenyewe.

Kuhusu aibu, nitasema ninachofikiri. Nimewahi kwenda kusalimia kwenye kituo kimoja na nikakuta wazee wamekaa chini ya mti wanacheza bao wanatukanana vizuri kabisa, na nimewahi kuingia kwenye nyumba ya mtoto mwenye uwezo nikakuta mama yake amefungiwa chumba cha uani na ndoo. Aibu ilikuwa kwenye hiyo nyumba.

Si matibabu ya wazee ni bure?

Ni bure, na sio bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Anatakiwa awe na kitambulisho cha matibabu cha mzee kinachotolewa na halmashauri, unaanzia serikali ya kijiji au mtaa wanamtambua, na ustawi wa jamii wanahusika. Fuatilieni akiwa mzima, msisubiri mpaka yuko kwenye machela ndo mnatafuta mtendaji wa kijiji. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee na lile tangazo la mzee kwanza, ulizeni mkifika, msikae foleni ya kawaida kwa unyonge.

Tatizo ni dawa. Ushauri wa daktari unapata bure, halafu unaandikiwa dawa unaambiwa dirishani haipo kanunue nje. Kwa hiyo kwenye bajeti yenu wekeni dawa kama vile hakuna bure.

Bima sasa. Wajukuu wengi tulioajiriwa tunadhani tutamuandika bibi kwenye kadi zetu. Kwenye NHIF, ile bima ya afya ya taifa, ya mfanyakazi anaingia mwenza na wategemezi wachache, watoto na wazazi na wakwe. Kwa hiyo njia ya bibi ni kupitia mtoto wake mwenye ajira, sio kupitia wewe. Kwetu mama mdogo ni mwalimu, ndo alimuandika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo kila mkikaa kikao mtu mmoja apewe kazi ya kwenda kuuliza ofisini imefikia wapi.

Kuna hela yoyote ya kila mwezi?

Inategemea uko upande gani wa bahari. Zanzibar kuna Pensheni Jamii toka 2016, kila mkazi aliyefika miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Kenya kuna Inua Jamii, nako ni kuanzia miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Huku Bara pensheni ya wazee wote hakuna, kuna TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini zilizoandikishwa, na kama mzee alikuwa mtumishi wa umma basi pensheni yake iko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na lazima afanyiwe uhakiki, muda ukipita bila uhakiki malipo yanasimama.

Jambo moja dogo linalotesa, alama za vidole. Bibi kalima miaka sitini, vidole vimefutika, mashine haisomi. Laini ya simu shida, kitambulisho cha taifa cha NIDA shida. Nenda naye siku ambayo hamna haraka, osheni vidole kwa maji ya uvuguvugu, mpakeni mafuta kidogo mfute, jaribuni vidole vyote kumi.

Bibi anasahau sana na usiku anaongea na watu hatuwaoni. Karogwa?

Hapa naomba msome taratibu kwa sababu kuna vitu viwili vinafanana na havifanani.

Kama jana alikuwa mzima na leo ghafla hajui yuko wapi, anaweweseka, anaona watu ukutani, hiyo ni dharura, hospitali leoleo. Inaweza kuwa UTI, malaria, nimonia, upungufu wa maji, sukari imeshuka au imepanda, au dawa mpya aliyopewa. Wazee homa inaweza isipande kabisa, kinachopanda ni kuchanganyikiwa. Bibi yetu aliwahi kukesha anamwita marehemu babu, tukaanza kumsomea, mama mkubwa akasema tumsomee tukiwa njiani kwenda hospitali. Kupima ikaonekana maambukizi ya njia ya mkojo, baada ya siku kadhaa za dawa akawa anaulizia kuku wake. Na kama mdomo umeenda upande, mkono umelegea, ulimi mzito, hicho ni kiharusi, usisubiri kukuche.

Kama ni polepole, mwaka huu kasahau majina, mwaka ujao kasahau njia ya msikitini, anauliza swali moja mara kumi, anasema kaibiwa hela ambazo kaficha mwenyewe, hiyo inaweza kuwa dimensia, ugonjwa wa ubongo kama ilivyo presha ugonjwa wa mishipa. Dawa ya kuuondoa haipo, ila kuishi naye kuna namna. Usibishane naye. Akisema anamsubiri mama yake, usimwambie "mama yako alishakufa bibi", maana atalia msiba mpya kila siku. Muulize mama yake alikuwa anapika nini. Weka kila kitu mahali pale pale, acha taa usiku, ficha kiberiti, kisu na mafuta ya taa, mlango wa uani uwe na komeo la juu.

Na uchawi. Kuna sehemu za nchi yetu, hasa kule Shinyanga na Mwanza, mabibi wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu macho ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu wamepika na kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Kwa hiyo mzee akianza kuongea peke yake na kutembea usiku kijijini, na yuko peke yake, hatari sio ugonjwa tu, ni na majirani. Nenda kaongee na balozi wa nyumba kumi na majirani, waambie bibi anaumwa ugonjwa fulani, msiwaachie watafute jina wenyewe.

Kadondoka, anasema nyonga inauma. Tumkande?

Msimkande. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, hawezi kuukanyagia, huo unaweza kuwa umevunjika nyonga. Msimsimamishe, mlazeni kwenye kitu kigumu kama mlango au ubao, mpelekeni akapigwe picha. Tulipoteza siku mbili na mkandaji, tunajuta mpaka kesho.

Akishakuwa wa kitandani, adui ni vidonda vya kulalia. Mgeuzeni kila baada ya masaa mawili, ndio, na usiku, si nilisema usiku. Kila siku angalieni mwisho wa mgongo, nyonga, visigino. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, asilalie upande huo tena mpaka upone. Mashuka makavu, yasiwe na mikunjo. Wakati wa kula akae wima, abaki wima kama nusu saa baada ya kula, asilishwe amelala chali chakula kikaingia kifuani.

Na fundi seremala ni mtu muhimu kuliko duka la vifaa tiba. Kiti cha mbao chenye tundu, ndoo chini, mikono miwili ya kushikia, kikakaa kando ya kitanda. Mbao mbili za kushikilia ukutani kuelekea chooni. Kizingiti kikavunjwa. Hela ndogo, na toka hapo hajadondoka tena usiku.

Ana sukari na anataka kufunga Ramadhani

Ongea na daktari kabla mwezi haujaandama, sio siku ya tatu. Mzee asiyeweza kufunga ana ruhusa, analishwa maskini kila siku moja badala yake. Bibi hilo analijua kuliko mimi, kinachomuuma ni kukaa anakula wenzake wamefunga. Tulichofanya, yeye ndo akawa msimamizi wa futari, anaonja chumvi, anagawa tende, na chakula cha fidia anakitoa kwa mkono wake. Kwa swala vilevile, anaswali amekaa, akishindwa kutawadha anatayamamu, msimuache akaburuzika kwenda bombani saa kumi na moja alfajiri.

Michango inaleta ugomvi, tufanyeje?

Mtu mmoja ashike hela, mwingine ashike daftari, wasiwe mume na mke. Kila tarehe 5 picha ya daftari iende kwenye grupu, na risiti. Wasio na hela watoe usiku, na usiku wa mtu uandikwe kwenye daftari hilohilo kama mchango, kwa sababu ni mchango. Namba ya siri ya simu ya bibi asiwe nayo kila mjukuu anayepita. Kwetu hela ya mwezi mzima ilishawahi kutolewa kwa wakala na mpaka leo "haijulikani" ni nani, na sote tunajua.

Tuongelee shamba na wosia sasa hivi, au ni uchuro?

Sio uchuro. Uchuro ni kusubiri akili ikishaondoka halafu anakuja mtu na karatasi ina dole gumba. Akiwa timamu, mbele ya watoto wote, aseme mwenyewe. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na kutunza wosia. Kwa Waislamu wosia hauzidi theluthi ya mali na haumuhusu mrithi, yaliyobaki yana mafungu yake, muiteni shekhe awaeleze. Lakini msichanganye kikao hiki na kikao cha matunzo. Siku moja mtu alisema "anayekaa na bibi ndo achukue michungwa", na kuanzia hapo kila aliyempelekea bibi chai akawa anaonekana anapeleka chai kwenye michungwa.

Mimi niko Muscat, zaidi ya kutuma hela nifanye nini?

Chukua kazi isiyohitaji miguu. Binamu yetu wa huko ndo anayefuatilia tarehe za kliniki, dawa zinazokaribia kuisha, anampigia mfamasia, anapiga simu ya video kila Ijumaa baada ya swala. Likizo yake ikifika haji kutembea, anakuja kushika zamu wiki mbili. Alipolala usiku wa kwanza asubuhi yake aliongeza mchango bila kuombwa.

Nimechoka. Kuna siku natamani iishe. Mimi ni mtu mbaya?

Kila anayelea kweli amewahi kuwaza hivyo, wasiowaza ni wale wanaokuja Idi. Mwambie mtu mmoja. Ukijikuta unamvuta mkono kwa nguvu au unamnyima maji ili asikojoe, toka nje, mpigie anayefuata kwenye zamu aje hata kama si siku yake, lala.

Na bibi yenu yuko wapi sasa?

Kwake Muheza, chumba cha mbele, dirisha linatazama njia. Binamu yangu yuko naye Jumatatu mpaka Alhamisi, genge tumelifufua pale pale barazani na bibi ndo anapokea hela, anazihesabu kwa kuzipapasa. Ijumaa na Jumamosi ni mama mdogo. Jumapili tunapokezana wajukuu, mimi napanda basi Mbezi asubuhi nafika mchana, ananiuliza mume gani anakuja mikono mitupu, nyama iko wapi. Karatasi ya mwezi ujao nimeituma kwenye grupu juzi, Jumapili mbili bado hazina jina. Mjomba kaona, tiki za bluu zipo, hajajibu.